Maji Yaliyotia Meno Madoa

Katika mwili wa mwanadamu hapana kitu kigumu kuliko enameli, yaani gamba jeupe lililofunika jino. Mfupa ukivunjika huunga, na ngozi ikichubuka huota tena. Lakini enameli ikiharibika haioti mara ya pili. Wengi wetu twajua kuwa vinywaji vitamu na vichachu, kama soda na maji ya limau, huila enameli hiyo kidogo kidogo kwa asidi. Je, msomaji, ulipata kufikiri kwamba hata maji matupu ya kunywa yaweza kuyaharibu meno? Ilichukua miaka 30 kulithibitisha jambo hilo, na habari zake zina mafunzo kwako.

Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, jina lake Frederick McKay, alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Aliona ajabu. Wenyeji wengi walikuwa na madoa ya kahawia menoni, wala madoa hayo hayakutoka hata yakisuguliwa namna gani. Alipotafuta katika vitabu vya udaktari hakuona habari zake. Watu wa mji walikuwa na maelezo yao: wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya, na wengine chokaa iliyomo majini. Kila mtu alikuwa na jawabu, lakini hapana aliyekuwa na ushahidi.

McKay aliomba msaada wa G. V. Black, bingwa mashuhuri wa elimu ya meno. Black alisita kusadiki kwamba jambo kubwa kama hilo lingeweza kukosa kuandikwa. Uchunguzi ulipoonyesha kuwa karibu watoto 90 katika kila 100 waliozaliwa mjini humo walikuwa na alama hizo, alikwenda mwenyewe mwaka 1909, akashughulika na jambo hilo hata alipofariki mwaka 1915. Mambo mawili yalidhihirika. Kwanza, madoa yaliwapata wale tu walioishi pale wakati meno yao ya ukubwani yalipokuwa yakijengeka ndani ya ufizi. Mtu aliyehamia mjini akiwa mzima hakupatwa. Pili, na hili ni la ajabu zaidi, meno yenye madoa hayakuoza upesi kama meno mengine.

Mwaka 1923 McKay alikwenda Oakley, mji mdogo katika jimbo la Idaho. Huko hakuyatazama meno tu, bali aliwasikiliza akina mama. Nao walimwambia kuwa madoa yalianza kuonekana baada ya mji kuvuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi ya uvuguvugu, umbali wa maili 5. McKay aliyapima maji hayo asione neno. Hata hivyo hakuyadharau maneno ya akina mama. Aliwashauri wakubwa wa mji waiache chemchemi ile, watumie nyingine. Walikubali. Baada ya miaka michache watoto wadogo wa Oakley wakaota meno safi. Kuuliza si ujinga, na kusikiliza ni nusu ya elimu.

Lakini ni kitu gani kilichokuwamo majini? Jawabu lilitoka mahali pasipotazamiwa. Katika mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, watoto walikuwa na madoa, na hali watoto wa mji mwingine maili 5 tu kutoka hapo hawakuwa nayo. Bauxite ulikuwa mji wa kampuni ya alumini. Mkemia mkuu wa kampuni, H. V. Churchill, alichelea kuwa lawama zingeziangukia sufuria za alumini. Akaamuru maji yapimwe kwa chombo kilichoweza kutambua hata vitu vichache mno, na mwaka 1931 mkosaji akajulikana: floraidi, ambayo ni madini yanayoyeyuka kutoka katika mawe na kuingia majini.

Ikizidi, floraidi huvuruga ujenzi wa enameli changa, ikawa na vitundu vidogo vinavyoshika rangi. Ikiwa kidogo, huiimarisha enameli dhidi ya asidi inayooza meno. Daktari mwingine, Trendley Dean, alitafuta kipimo cha kati, akaona kuwa miligramu 1 katika lita 1 ya maji haiwatii watu wengi madoa. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ukawa wa kwanza duniani kutia floraidi katika maji yake kwa makusudi. Miaka 11 baadaye ilitangazwa kuwa kuoza kwa meno ya watoto waliozaliwa tangu hapo kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Kitu kile kile kilichokuwa adui kilikuwa rafiki kwa kadiri yake.

Usidhani, msomaji, kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Bonde letu la Ufa limejaa majabali ya volkano, na maji yapitayo humo huchukua floraidi. Maziwa ya Nakuru na Elementaita yana floraidi nyingi mno, na visima vingi vya pande hizo vimepita miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kuyachemsha maji hakufai kitu, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora, na huko Nakuru hutumika pia vichujio vya mkaa wa mifupa. Wanaohitaji kulindwa zaidi ni watoto wachanga na wale walio chini ya miaka 8, maana enameli yao ingali inajengwa.

Basi ukimwona mwenzako darasani akifunika kinywa kwa mkono anapocheka, usimwite mchafu. Huenda anasugua meno yake kila siku kuliko wewe. Madoa yake hayakuletwa na uvivu. Yaliletwa na kisima alichonywea akiwa mtoto, wala hakukichagua. Afadhali umwulize kwa upole alikozaliwa, na kama nyumbani kwao kuna wadogo, umweleze habari za maji ya mvua.