Kutoka Kamusi hadi Kihariri: Historia Fupi ya Zana za Huduma za Mtandao

Mnamo mwaka 2000, Roy Fielding aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, tasnifu ya udaktari iliyoupa jina mtindo wa REST. Katika huduma za mtandao zinazofuata mtindo huo juu ya itifaki ya HTTP, kila kitu hupewa anwani yake, na vitenzi vichache (GET kwa kusoma, PUT kwa kuweka, DELETE kwa kufuta) hutumika kwa vitu vyote. Ni kama lugha yenye vitenzi vya kuhesabika na nomino zisizo na idadi.

Ugumu ulikuwa katika nomino hizo. Vihariri vya msimbo vilikwisha kujua kukamilisha maneno. Microsoft ilianza kutoa msaada huo mwaka 1996 kwa jina la IntelliSense. Lakini majina ya huduma iliyo katika kompyuta ya mbali hayakuonekana katika programu iliyokuwa ikiandikwa, na mtungaji alilazimika kuyakariri.

Suluhisho mojawapo lilizaliwa katika nyumba ya kamusi. Huko Wordnik, kamusi ya Kiingereza ya mtandaoni, Tony Tam alianza mwaka 2010 kuunda Swagger, yaani utaratibu wa kueleza huduma kwa maandishi yanayosomeka na mashine: anwani zake, vitenzi vinavyokubaliwa, na umbo la majibu. Mwaka 2015 kazi hiyo iliwekwa chini ya Linux Foundation, na mwaka 2016 ikaitwa OpenAPI. Mwaka huohuo Microsoft, Red Hat na Codenvy zilitangaza itifaki inayotenganisha kihariri na ujuzi wa lugha. Awali, vihariri 5 na lugha 6 vilihitaji viunganishi 30. Kwa itifaki hiyo, sehemu 11 zatosha.

Hivyo kihariri kinaweza kupendekeza anwani na kuonyesha kosa kabla programu haijaendeshwa. Hata hivyo, hakiijui huduma yenyewe. Hujua maelezo yake tu. Huduma ikibadilishwa na maelezo yakaachwa yalivyo, kihariri hupotosha kwa uhakika uleule. Wanakamusi wanaifahamu hatari hiyo.

Tena, vitenzi vya HTTP vimekwisha kuwekwa kwa Kiingereza, lakini nomino ziko huru: kihariri hukamilisha «mwanafunzi» sawasawa na «student». Kwa hiyo, swali la nani anaandika maelezo, na kwa lugha gani, si la mafundi peke yao. Ni la wanaisimu pia.