Mbiru ya Upare

Jioni hii napenda kuwasimulia habari za kodi iliyowatoa Wapare majumbani mwao.

Wajerumani walipoanza kutoza kodi mwaka 1898, kila nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3. Waingereza nao waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa, na tangu miaka ya 1920 wakaacha sehemu yake iingie katika hazina za wenyeji, ilipe watawala, makarani na matarishi, na kutengeneza barabara na nyumba za dawa. Kodi ya namna hii ni rahisi kuhesabu. Walakini mwenye zizi lililojaa ng'ombe na mwenye mbuzi wawili hutoa sawasawa.

Watawala tisa wa Upare waliona si haki. Wakati wa Vita Kuu ya pili waliamua, pamoja na Serikali, kuongeza kodi nyingine ambayo kila mtu ataitoa kwa kadiri ya mali yake. Wakaiita mbiru, jina la ushuru wa zamani uliotolewa kwa watawala. Ukiutazama mpango huu katika karatasi, ulikuwa mwema kuliko ule wa kwanza, wala sioni haya kusema hivyo.

Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika kuhesabu. Ng'ombe unayemwona zizini mwa mtu huenda ni wa jirani yake, amepewa amfuge tu. Kahawa ya mwaka huu si kahawa ya mwaka ujao. Nani atayapima haya? Tena mtu alitajiwa fedha za kulipa bila kuelezwa vema zimepatikanaje, na jirani yake ametajiwa nyingine. Hapo ndipo manung'uniko yalipozaliwa.

Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakaenda Same, penye boma la wilaya, wakakaa huko siku nyingi. Hawakuikataa kodi, waliikataa mbiru. Mashamba yalibaki mikononi mwa wake zao, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi wenyewe wakaondoka kwenda kuwakabili wakubwa kwa ajili ya waume zao.

Mwaka 1947 mbiru iliondolewa. Mwenye zizi na mwenye mbuzi wawili wakasimama tena mbele ya karani, wakatoa fedha zile zile.