Kilwa Kivinje na Magofu Yaliyo Jirani

Msafiri afikapo Kilwa Masoko hupanda mashua, akavuka upesi kwenda Kisiwani, wala hatumlaumu. Huko uko msikiti mkuu wenye kuba za mawe ya matumbawe, tena Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimzuru mwaka 1331 akausifu ukarimu wake. Mji ule ulitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Wareno wakauteka mwaka 1505, wakajenga ngome, nao wakaiacha mwaka 1512.

Lakini twamsihi mgeni, akiisha kurudi, ashike njia ya kaskazini mpaka Kivinje. Utajiri wa mji huu haukuwa dhahabu. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilikomea hapa, na watumwa waliosalimika njiani wakapakiwa majahazini, hata Sultani Barghash alipoipiga marufuku biashara hiyo baharini mwaka 1873. Kisha wakaja Wadachi. Boma lao lingali limesimama ufukoni, nalo limebomoka. Mwaka 1895 walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kwa silaha. Na mahali pale hata leo paitwa Mwembe Kinyonga.

Kisiwani chatazamwa kwa nusu siku. Kivinje twashauri mgeni alale.