Jinsi VVU vinavyojinakili ndani ya chembe hai

VIRUSI vya Ukimwi (VVU) vimo katika kundi liitwalo retrovirusi, ambalo hubeba taarifa zake za urithi katika RNA. Kwa binadamu, taarifa hizo hutunzwa katika DNA na RNA hunakiliwa kutoka humo. Retrovirusi huugeuza utaratibu huo.

Jambo hilo lilibainishwa mwaka 1970 na Wamarekani Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake. Mwaka 1975 walitunukiwa Nobel pamoja na Renato Dulbecco.

Kirusi kiingiapo katika chembe nyeupe ya damu aina ya CD4 huwa na nakala mbili za RNA, kila moja ikiwa na viambajengo vipatavyo 9,700, pamoja na kimeng'enya kiitwacho rivasi transkriptasi. Kimeng'enya hicho huanzia kwenye kipande kidogo cha RNA ya chembe yenyewe, huunda uzi wa kwanza wa DNA huku kikiikatakata RNA iliyokwisha kunakiliwa, kisha huunda uzi wa pili. Kimeng'enya kingine, integrasi, huipachika DNA hiyo katika vinasaba vya chembe, ambako huweza kuzalisha virusi vipya au kukaa kimya kwa miaka mingi.

Rivasi transkriptasi haina uwezo wa kusahihisha makosa yake. Ndiyo sababu VVU hubadilika haraka na huweza kuwa sugu, hasa mgonjwa anaporuka dozi.

Maarifa hayo yana uzito mkoani Katavi, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulionyesha maambukizi ya asilimia 5.9, kiwango kilichozidi wastani wa taifa.

Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza VVU bila malipo mwaka 2004, na kidonge cha TLD kilianza kutumika mwaka 2019. Ndani yake, tenofoviri na lamivudini hujiingiza katika uzi wa DNA unaojengwa na kuukatiza, ilhali dolutegraviri huizuia integrasi.

Hata hivyo, hakuna kati ya dawa hizo iwezayo kuing'oa DNA iliyokwisha kupachikwa. Kwa hiyo mkulima wa Mpanda au mvuvi wa Karema anayejihisi mzima, na ambaye vipimo havioni tena virusi katika damu yake, hana budi kuendelea na dawa. Akiacha, kwa kawaida virusi hurejea katika wiki chache.