Gome Chungu la Amani

Nilitoka Muguga, Kenya, hadi milima ya Usambara Mashariki kujifunza ikolojia, buti mpya zikinichubua visigino tangu Muheza. Siku ya pili, mzee aliyetuongoza alibandua kipande cha gome la mkwinini kwa panga.

“Onja, mwanangu. Hii ndiyo iliyomleta Mjerumani.”

Uchungu ulinikaa ulimini hadi wali wa usiku. Mzee alitia chumvi kidogo: kwinini ilikuwa moja tu kati ya mengi. Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo pale Amani, milimani humo, mwaka 1902, wakapanda miti ya kila pembe ya tropiki waone ipi italeta pesa. Waingereza wakairithi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, kwetu! Lango la kituo kile nimelipita utoto wote bila kuuliza.

Kazi yangu ilikuwa kupima misizi, miti ya kuletwa iliyotoroka mashambani ikaingia msituni. Hondohondo humeza matunda yake, kisha huziangusha mbegu mbali. Nilizungusha utepe kwenye shina la kwanza; juu yangu mabawa yakavuma kama mvuke wa treni.