Darasa la Kifaransa, Wodi ya Kirundi: Mafunzo ya Wahudumu wa Afya Gitega na Muyinga

Historia ya mafunzo ya tiba nchini Burundi huelezwa aghalabu kwa kuhesabu majengo na wahitimu. Makala haya yanaitazama kupitia lugha, kwa kuwa daktari mtarajiwa husoma ugonjwa kwa lugha moja, kisha humsikiliza mgonjwa akiusimulia kwa lugha nyingine.

Wajerumani walipohamishia makao yao ya utawala Gitega mwaka 1912, walikuja na Kiswahili, lugha ya karani, askari na mfanyabiashara katika koloni lao lote la Afrika Mashariki. Chini ya Wabelgiji lugha hiyo ilisogezwa pembeni. Wamisionari wengi wa Kikatoliki waliihusisha na Uislamu, na elimu ikagawanywa: Kirundi madarasa ya chini, Kifaransa ya juu. Tiba iliangukia upande wa Kifaransa. Kijana wa Urundi aliyetaka kuwa msaidizi wa daktari alikwenda Astrida, leo Huye nchini Rwanda, katika shule iliyoasisiwa mwaka 1929 na watawa wa Kibelgiji, ambako tiba ilifundishwa sambamba na utawala, kilimo na mifugo. Hakuhitimu kuwa daktari kamili. Juu yake alibaki daktari Mzungu. Hata hivyo, ni yeye aliyelazimika kuzitafutia istilahi za Kifaransa maneno ya Kirundi, tena mbele ya mgonjwa. Kazi hiyo ya tafsiri haikuwamo katika mtaala.

Uhuru wa mwaka 1962 na chuo kikuu kilichofunguliwa Bujumbura mwaka 1964 havikubadili lugha ya darasa. Kilichobadilika, kwa ukatili, ni idadi ya waliobaki kufundisha na kutibu: mauaji ya mwaka 1972 yaliwalenga Wahutu wasomi, wakiwemo wanafunzi, walimu na wauguzi, na maelfu ya raia wakakimbilia Tanzania. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliongeza wimbi jingine.

Hospitali ya Kibuye, katika Mkoa wa Gitega, inaonyesha sura tofauti. Ni hospitali ya misheni ya kijijini iliyogeuka mahali pa mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hope Africa, chuo kilichohamia Burundi kutoka Nairobi. Baada ya serikali kufuta, mwezi Mei 2006, malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa wazazi wanaojifungua, wagonjwa waliongezeka kuliko wahudumu. Katika mazingira ya namna hiyo mwanafunzi Mrundi ndiye daraja: mwalimu mgeni anauliza kwa Kifaransa au Kiingereza, mwanafunzi anamgeukia mgonjwa kwa Kirundi, kisha anarudisha jibu. Ni kosa kuihesabu kazi hiyo kuwa ukarimani tu. Anayechagua neno la kuulizia maumivu tayari amekwisha kuanza uchunguzi.

Muyinga inaleta ugumu wa tatu. Mji huo una jumuiya ya Waislamu inayotumia Kiswahili, na barabara yake inaelekea Kobero, mpakani na wilaya ya Ngara. Wakimbizi wengi waliorejea kutoka kambi za Tanzania walipita hapo, baadhi wakiwa wamezaliwa na kutibiwa huko. Neno moja linatosha kuonyesha hatari iliyopo. Katika Kirundi, *umuganga* ni daktari wa hospitali. Mpiga ramli huitwa *umupfumu*. Katika Kiswahili cha Tanzania, mganga aweza kuwa mkuu wa tiba wa mkoa, na aweza kuwa mganga wa kienyeji. Mama aliyerejea akisema mtoto alikwisha pelekwa kwa mganga, mwanafunzi aliyezoea Kirundi pekee ataandika kwamba mtoto ametibiwa hospitalini, wala hataulizia dawa za mitishamba alizokunywa.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimeingia katika shule za msingi. Kwa mafunzo ya tiba, hatua ya kwanza haihitaji chuo kipya. Mwanafunzi anayepelekwa Muyinga apimwe namna anavyochukua maelezo ya mgonjwa kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na mmoja wa wapimaji awe muuguzi wa hapohapo anayezijua lugha zote mbili.