Square na Bei ya Kufungwa kwenye Mashine Moja

Januari 1996, kampuni ya Square ya Japani ilitangaza kwamba mchezo wake wa video Final Fantasy VII hautatoka kwenye mashine ya Nintendo. Tangu 1987, kila toleo kuu la mfululizo huo lilikuwa limeanzia kwa Nintendo. Sasa mfululizo ulihamia PlayStation ya Sony.

Uamuzi huo ulikuwa wa kihesabu. Nintendo 64 ilitumia kaseti ambazo hata kubwa kabisa zilibeba megabaiti 64, ilhali CD moja ilibeba takriban 650. Final Fantasy VII, uliouzwa kuanzia Januari 1997, ulijaza CD tatu. Isitoshe, kaseti zilikuwa ghali, zilitengenezwa na Nintendo yenyewe, na mchapishaji alizilipia kabla ya kuuza hata nakala moja. Zikidoda dukani, hasara ni yake. CD ziligharimu kidogo, na zikiisha huchapwa nyingine upesi. Mchezo ukauza zaidi ya nakala milioni 10; PlayStation nayo ikauza zaidi ya mashine milioni 102, dhidi ya takriban milioni 33 za Nintendo 64.

Mwenye mashine ana sababu nzuri ya kugharimia upekee, yaani mchezo kutoka kwenye mashine yake tu. Mara nyingi mashine huuzwa kwa faida finyu au hata kwa hasara, na pesa hupatikana kwenye mgawo wa kila mchezo unaouzwa. Mchezo mmoja unaomvuta mteja dukani huleta mauzo ya mingine mingi. Mtengenezaji naye hupata matangazo na msaada wa kiufundi, na hujaribu kazi yake kwenye mashine moja tu.

Gharama ndizo zilizovuruga mpango huo.

Nyaraka za mahakama ya Marekani, ambazo sehemu zake za siri zilifichwa kizembe mwaka 2023, zilionyesha kwamba The Last of Us Part II wa Sony uligharimu takriban dola milioni 220. Mchezo wa gharama hiyo ukiuzwa dola 70, na duka likachukua asilimia 30, mtengenezaji hubaki na dola 49. Lazima auze karibu nakala milioni 4.5 ndipo arudishe mtaji. Sony huweza kufidia kwa mgawo wa michezo mingine inayouzwa kwenye mashine yake. Square Enix, kampuni iliyorithi Square, haina mashine yake, na hapo ndipo upekee unapoiumiza.

Final Fantasy XVI ulitoka Juni 2023 kwa PlayStation 5 pekee. Mei 2024 kampuni ikatangaza kuelekeza michezo yake mikubwa kwa Nintendo, PlayStation, Xbox na kompyuta. Wenye kompyuta wakaupata mchezo huo Septemba 2024. Wa Xbox, Juni 2025.